Makuti, Vifuu na Mkaa

Kiangazi chote nilikimbia kuzunguka ziwa la Greenbelt, mzunguko wa kilomita 2 hivi, mara tatu kila asubuhi. Niliamini kuwa msimu wa judo ukianza, hakuna atakayenichosha. Kisha kocha akatupima.

Kipimo hicho kilitungwa na Stanisław Sterkowicz wa Poland katika miaka ya 1990. Wenzako wawili husimama mita 6 mmoja kutoka kwa mwingine, wewe uko katikati. Unamkimbilia huyu unambwaga, unamkimbilia yule unambwaga, kwa sekunde 15. Unapumzika sekunde 10, unabwaga sekunde 30, unapumzika 10, unamaliza na 30 nyingine. Mapigo ya moyo hupimwa mara unapomaliza na tena baada ya dakika moja. Jumla yake hugawanywa kwa idadi ya mara ulizobwaga. Jibu likiwa dogo, ni bora zaidi.

Nilibwaga mara 5, mara 9, kisha 6 tu. Mapigo yalikuwa 188, halafu 162. Jibu: 17.5. Mwenzangu asiyekimbia hata kuwahi treni alinishinda.

Jumapili nilimpigia simu bibi yangu, Tanga. Nilitaka kumweleza, Kiswahili kikanigomea.

"Bibi, ni nguvu isiyotumia hewa."

"Mjukuu wangu, kwani ulipigana bila kupumua?"

Nikaona nianzie jikoni kwake. Misuli ina moto wa aina tatu. Wa kwanza ni kama makuti makavu: kreatini fosfeti, huwaka papo hapo na kuisha kwa sekunde chache. Wa pili ni kama vifuu: sukari iliyo ndani ya misuli huvunjwa haraka bila kungoja oksijeni, inatoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha miguu inawaka. Wa tatu ni mkaa: unahitaji oksijeni, hauna haraka, unadumu. Yote huwaka pamoja, lakini kumbwaga mtu kwa ghafla kunategemea zaidi makuti na vifuu. Mimi nilikuwa nimeweka akiba ya mkaa peke yake.

Bibi akafikiri kidogo. "Basi usiutupe huo mkaa. Makuti yakiisha, utawashia nini mengine?"

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Wakati wa kupumzika, oksijeni ndiyo inayosaidia kurudisha kreatini fosfeti, ingawa sekunde 10 hazitoshi kuirudisha yote.

Sasa nakimbia ziwani siku mbili kwa wiki. Siku nyingine mbili napanda kilima mbio kwa sekunde 15, tena na tena. Tutapimwa tena Novemba, na bibi ameshaniambia nimpigie simu siku hiyohiyo.