Aija na Mlango Usio na Bawabu



Ndugu wasomaji, inapowadia likizo ya watoto wengi wetu hufunga safari ya Oman kuwazuru jamaa, na kuwaonesha vijana bandari walikotoka manahodha waliokuja na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Sur ni mojawapo ya bandari hizo, na ng'ambo ya khori yake iko Aija: mtaa wa nyumba nyeupe, minara ya ulinzi na mnara wa taa. Leo pana daraja la kuning'inia lililojengwa katika karne hii. Upande wa pili limewekwa Fatah al-Khair, jahazi la aina ya ghanja lililoundwa Sur mwaka 1951, likauzwa, kisha likarudishwa kutoka Yemen mwaka 1993.

Lakini mara hii hatukusudii kusimulia majahazi. Twataka kutazama jambo linalomgusa kila anayekwenda huko na wazee wake, nalo ni namna mgeni anavyopokewa siku hizi katika hoteli na nyumba za wageni.

Mapokezi yamehamia katika simu. Chumba huwekwa kwa intaneti kabla ya safari, na bei hupanda na kushuka kwa kadiri ya wanaokitaka, hivyo bei ya siku ya kawaida si bei ya Idi. Baadhi ya nyumba hazina tena karani: mgeni hupeleka picha ya pasi yake, kisha hutumiwa namba za siri za kufungulia mlango. Pengine ufunguo ni kadi, na kadi hiyo isipochomekwa ukutani taa haziwaki. Hata orodha ya vyakula husomwa kwa kuelekeza kamera ya simu kwenye kijisanduku cha madoa meusi kilichobandikwa mezani.

Hatusemi kwamba haya ni mabaya. Mama anayesafiri na watoto hujua bei kabla ya kutoka kwake, wala halazimiki kupatana na mtu usiku. Asiyejua Kiarabu huandika swali kwa lugha yake, simu ikamfasiria. Kinachomwondolea mgeni tabu ni neema, kama ulivyo ule mshale wa kibla tunaouona darini katika hoteli za Ghuba.

Tabu huanza pale mitambo inapodhani kwamba kila mgeni ni kijana mwenye simu na kadi ya benki. Tulifika katika nyumba moja ya wageni baada ya sala ya isha, tukiwa na mama mkubwa wetu aliyepindukia miaka 80. Hapakuwa na mtu mlangoni. Namba za kufungulia zilikuwa zimetumwa kwa simu ya mpwa wetu aliyetuwekea nafasi, naye alikuwa kazini huko Ulaya, simu ameizima. Mama mkubwa akakaa juu ya sanduku. Jirani mmoja akatusikia tukisemezana kwa Kiswahili, akatoka.

“Shikamoo, bibi,” akasema. “Karibuni ndani kwetu. Mlango huo mtaungoja mkiwa mmekaa.”

“Marahaba, mwanangu. Mungu akuzidishie.”

Tukaletewa kahawa na tende, mama mkubwa akatandikiwa mahali pa kunyoosha miguu. Namba zilipofika, saa mbili baadaye, mlango ulifunguka mara moja. Mtambo haukukosea kitu, ila haukuweza kumwona mzee aliyechoka.

Si mbali na Sur yako magofu ya Qalhat, yaliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Katika karne ya 14 Ibn Battuta, aliyekwishapita Mombasa na Kilwa, alishuka Sur akatembea kwa miguu hadi Qalhat, pamoja na kiongozi aliyetaka kumwibia nguo zake. Alipofika hoi langoni, bawabu alishikilia kwamba lazima apelekwe kwanza kwa amiri wa mji, ajulikane ni nani. Basi kuwaandikisha wageni hakukuzuliwa na kompyuta. Lakini amiri alipokwisha kumjua alimkalisha kwake siku 6, kwa kuwa hakuweza kusimama kwa maumivu ya miguu. Hayo ndiyo mapokezi kamili: kumjua mgeni, kisha kumtunza. Mitambo imeimudu nusu ya kwanza. Nusu ya pili bado ni ya binadamu, na katika dini yetu ni haki ya mgeni.

Kwa hiyo twausia machache. Kwanza, jina la Aija kwa Kiarabu huanza kwa herufi ayn, na kwa herufi za Kilatini huandikwa pia Ayjah au Al Ayjah, jaribuni yote. Tena Sur ni jina la Kiarabu la mji wa Tyre ulioko Lebanon, basi hakikisheni mmetaja Oman. Pili, namba za mlango awe nazo msafiri mwenyewe, zimeandikwa kwenye karatasi. Tatu, kabla ya kulipa ulizeni kama pana mtu usiku, na kama mzee atapanda ngazi. Nne, jamaa aliye karibu apewe khabari ya saa ya kufika.

Na vijana wetu wanaosomea kompyuta na uendeshaji wa hoteli, watakapoibuni mitambo ya kesho, waiachie nafasi ya mtu wa kusema karibu.

Mwenyezi Mungu awasahilishie safari zenu na awarudishe salama. Amin.