Nani anabeba wazee wa usini?

Katika kartye zetu kuna neno vijana wanalisema bila kufikiri: «Wazee njo walikula kampuni.» Wanalisema wakiona wazee wa pansiyo wanapanga mstari toka asubuhi. Mimi neno hili linanichoma. Baba mdogo wangu alitumika miaka 31 kwenye tanuru la kampuni moja, sitaitaja. Siku ya kutoka walimwambia hopitali itabaki yake na ya mama mdogo. Nyuma ya miaka michache karatasi ya hopitali ikakatwa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dawa tukaanza kuinunua sisi watoto.

Usifikiri ni mambo ya Katanga tu. Kule Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, kulikuwa kampuni kubwa ya chuma, Bethlehem Steel. Chuma chake kilijenga daraja la Golden Gate. Wakati wa vita ya pili ya dunia ilikuwa na watumishi karibu 300,000. Katika miaka ile ya nguvu, kuahidi pansiyo na hopitali ilikuwa rahisi: vijana mingi, wazee kidogo. Tena ahadi haiombi makuta ya leo. Sendika inafurahi, bosi anaepuka kuongeza mshahara, deni wanaachiwa wenye kuja. Kwa hiyo wazee hawakula kitu cha mtu. Ile ilikuwa mshahara wao wenye kucheleweshwa.

Kisha chuma cha inchi zingine kikaingia kwa bei ya chini, na usini mpya zikafunguliwa, zenye kuyeyusha vyuma vikuukuu kwa watumishi wachache. Zile mpya hazikuwa na wazee wa kutunza. Fikiri vizuri: tani ya chuma sokoni ina bei moja, lakini ya mmoja inabeba dawa za babu, ya mwingine haibebi. Oktoba 2001 Bethlehem ikaenda tribinali kuomba ulinzi juu ya madeni. Desemba 2002 mfuko wa serikali ukachukua pansiyo zake, ukakuta pengo la zaidi ya miliari 3 za dola. Mwisho wa Machi 2003 hopitali ikakatwa kwa watu karibu 95,000, wazee pamoja na jamaa zao.

Kwa nini pansiyo iliokolewa na hopitali hapana? Ule mfuko ulizaliwa na sheria ya 1974. Mbele yake, Desemba 1963, kampuni ya motokari Studebaker ilifunga usini yake ya South Bend, na maelfu ya watumishi wakapoteza sehemu kubwa ya pansiyo. Sheria ikalinda kile kilicholiliwa. Pansiyo ilipata baba, hopitali ikabaki yatima.

Kwetu hesabu ni ile ile. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Mwaka 1993 hazikufika 50,000. Lakini shule na hopitali zilibaki mgongoni mwake. Kuanzia 2003 watumishi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa kutoka kwa kupenda, uliolipiwa na Benki ya Dunia. Kampuni zilizokuja nyuma ya sheria ya migodi ya 2002 zilianza na vijana, bila mzigo wa wazee. Watu wanazisifu kwamba zinajua kazi. Pengine, lakini mzigo haukuwa sawa.

General Motors ilijaribu njia ingine. Mwaka 2007 ilipatana na sendika kwamba hopitali ya wazee itoke mikononi mwa kampuni, iingie katika mfuko wa pembeni. Si dawa kamili: mwaka 2009 kampuni yenyewe ikaenda tribinali, na sehemu ya deni ikalipwa kwa hisa za kampuni mpya, si kwa makuta. Lakini mfuko ulianza kazi 2010, na wazee walikuwa na mahali pa kubisha hodi.

Kijana mwenye kusaini kontra, CNSS (zamani INSS) ni ya pansiyo. Na siku kontra inaisha, hopitali yako na ya bibi yako italipwa na nani, na makuta yake yanawekwa wapi toka leo? Uliza ungali na nguvu, omba jibu kwa maandishi, na kopi uiweke nyumbani.