Gia tano za kurudi nyuma

Leo tunaweka kodi kando tuzungumze gari. Lakini wale mnaoandika programu mtaitambua hadithi hii, kwa sababu ni lile kosa letu la kila siku: alama ya kutoa pale palipotakiwa kujumlisha.

Porsche 356 Speedster ilitoka mwaka wa 1954, gari dogo la wazi, na leo ile halisi ni mali ya matajiri. Sisi wengine tunatengeneza nakala. Unachukua chasisi ya Volkswagen Beetle, unaikata katikati na kuifupisha kwa karibu sentimita 30, kisha unaivika bodi ya faibaglasi. Si uongo mkubwa sana, maana Porsche za kwanza za 1948 zenyewe ziliundwa kwa vipuri vya Beetle.

Beetle yangu ilikuwa ya baba. Ni 1300 ya mwaka wa 1971. Ilikuwa imekaa miaka mingi nyuma ya nyumba, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Nilipomwambia mzee kwamba nataka kuikata, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kata. Lakini itembee." Hakuongeza neno, na hayo matatu yalinikosesha usingizi baadaye.

Injini ya Beetle hiyo, hata ikiwa na afya, ni nguvu za farasi 44. Nikaamua kuweka Subaru EJ20. Ni lita 2, silinda nne zimelala mbili kila upande kama za Beetle, ila inapozwa kwa maji na nguvu zake zinazidi mara tatu. Tena Nairobi huhitaji tochi kutafuta Subaru. Nikanunua injini pamoja na giaboksi yake ya gia tano, vyote vikiwa vimeshikana. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kwenye Subaru injini, giaboksi na difu ya mbele ni mtambo mmoja, na kwenye Beetle vilevile. Basi geuza, funga, maliza.

Fundi wetu, mzee wa jua kali ambaye hajawahi kugusa kompyuta, aliuzunguka ule mtambo mara mbili. "Kijana, hii itarudi nyuma." Mimi na digrii yangu tukamwonyesha mchoro niliouchora kwenye kompyuta, kila boliti mahali pake. Akatabasamu, akashusha miwani, akaendelea kuchomelea.

Baada ya miezi miwili tukaliinua gari kwa jeki, nikawasha, nikatia gia ya kwanza na kuachia klachi polepole. Magurudumu yakazunguka kinyume. Gia ya pili, kinyume tena, kwa kasi zaidi. Nilipotia rivasi ndipo yakazunguka kwenda mbele. Nilikuwa nimeunda gari lenye gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

Sababu ni hii. Kwenye Subaru injini iko mbele ya ekseli, giaboksi inafuata nyuma. Kwenye Beetle injini iko nyuma ya ekseli, giaboksi imeelekea mbele. Kwa hiyo mtambo mzima lazima ugeuzwe nusu mzunguko, na ukishaugeuza, mbele yake ndiyo nyuma yako. Mchoro wangu ulikuwa na kila boliti, lakini haukuwa na mshale hata mmoja.

Giaboksi ya VW ina dawa ya ugonjwa huu: unahamisha krauni, lile gurudumu kubwa la meno ndani ya difu, upande wa pili wa pinioni, na mwelekeo unageuka. Ya Subaru haikubali, kwa sababu pinioni yake haikukaa katikati ya krauni. Inabidi ununue krauni na pinioni zilizokatwa meno kinyume. Zinatengenezwa Australia, na bei niliyopewa ilizidi niliyolipia injini na giaboksi pamoja.

Siku mbili sikukanyaga gereji. Niliporudi nilikuta fundi ameshaitoa giaboksi ya baba kwenye lundo la vyuma nilivyotaka kuuza, ameiosha kwa mafuta taa. Injini ya Subaru inazunguka upande uleule na ya Beetle, kwa hiyo ikifungwa kwenye giaboksi ya VW gari linakwenda mbele. Kilichohitajika ni sahani nene ya alumini katikati, yenye matundu ya pande zote mbili. Gia ni nne tu, na haikuundwa kwa nguvu hizi, kwa hiyo siachii klachi kwa hasira.

Waya nilizimaliza mwenyewe. Kompyuta ya injini ilikuwa ikiuliza kasi ya gari, na giaboksi ya 1971 haina la kuijibu, nikaweka sensa gurudumuni na Arduino kidogo ya kutafsiri. Hapo angalau nilikuwa nyumbani.

Jumapili iliyopita nililipeleka kwa mzee. Hakusema lolote kuhusu bodi, wala rangi, wala ule mngurumo. Aliketi kwenye usukani, akashika mkono wa gia, akautikisa kushoto na kulia.

"Rivasi bado unabonyeza chini kwanza?"

Nikamwambia bado.

"Haya. Ingia."

Akawasha.