Usiku wa dang'a, Tukuyu

Kutoka Mbeya kwenda Tukuyu barabara inapita kwenye migomba, mashamba ya chai na ukungu wa Mlima Rungwe. Majani hayakosekani, na nyumba nyingi zina ng'ombe wa maziwa bandani.

Usiku wangu wa pili, ng'ombe wa dada alizaa. Dada hakungoja kukuche. Alimkausha ndama kwa majani makavu, akampaka ayodini kitovuni, akakamua dang'a nzito ya njano na kumnywesha lita mbili kwa chupa, ingali vuguvugu.

"Mdogo wangu, ndama huzaliwa hana kinga. Kinga yake iko humu."

Utumbo wa ndama huipokea vizuri zaidi katika saa sita za kwanza. Baada ya siku moja karibu haipiti tena. Akiikosa, kuhara na homa ya mapafu humwahi.

Sisi wa ughaibuni hutuma fedha za kununua ng'ombe. Ndama jike akifa, maziwa ya kesho na ada ya watoto vimekwenda naye. Mkipiga simu nyumbani, ulizeni pia: ayodini ipo? Chupa ni safi? Nani atakesha ng'ombe akizaa?