Mkono Ujuao Kuacha

Katika Kiswahili neno "kukanda" lina kazi jikoni na lina kazi ugangani. Mama hukanda unga wa maandazi, na mkandaji hukanda mgongo wa mvuvi aliyechoka. Sidhani kama wazee waliolitumia neno moja kwa kazi zote mbili walipungukiwa na maneno. Yamkini waliona kwamba mikono ya watu hao wawili hutafuta jambo moja, yaani kulainisha kilichokaza, na kwamba wote wawili sharti wajue wakati wa kukaza mkono na wakati wa kuulegeza.

Nimekusudia kueleza machache juu ya ukandaji kama nilivyouona katika pwani yetu. Sielezi kama mganga, maana mimi si mganga. Naeleza kama mwalimu mstaafu aliyelelewa na mkandaji, na ambaye, licha ya malezi hayo, alishiriki kumharibia mtoto wa mwenzake mkono wa kulia. Habari hii sikupenda kuiandika. Lakini mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake mambo aliyofaulu tu, na kuwaficha aliyokosea, huwa amewapa nusu ya somo.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, mkabala na mji. Watu walivuka mto kwa ajili ya mikono yake. Walikuja wavuvi walioshtuka kiuno kwa kukokota jarife, wakwezi wa minazi walioteguka vifundo vya miguu, na wakata mkonge ambao migongo yao ilikataa kunyooka. Wanawake waliojifungua hawakuja, kwa kuwa walikuwa ndani ya arobaini yao. Hao yeye mwenyewe aliwafuata majumbani. Hakutaja bei. Aliyekuwa na samaki alileta samaki, aliyekuwa na nazi alileta nazi, na asiyekuwa na kitu alileta shukrani, nazo zilipokewa.

Mgonjwa alipofika, bibi hakuanza kwa kumshika. Alimwacha atembee kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka, huku akimtazama anavyokanyaga. Kisha alimwuliza: umeanguka au umeamka nalo? Lina siku ngapi? Usiku linakuamsha? Una homa? Baada ya hapo alilinganisha upande mgonjwa na upande mzima, akaweka mgongo wa kiganja chake juu ya ngozi kupima joto. Alipoanza kugusa, alianzia mbali na penye maumivu, akisogea polepole. Macho yake hayakuwa kwenye jeraha, bali kwenye uso wa mgonjwa. Alisema kwamba mtu mzima ataona haya kulia, lakini paji la uso halijui kuona haya.

Alizipambanua kazi tatu, na ole wake mjukuu aliyezichanganya. Kupapasa kulikuwa ni kuuliza kwa vidole. Kuchua kulikuwa ni kusugua kwa mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, akiyapasha moto katika kibia na kuyajaribu kwanza juu ya kiganja chake. Na mguu au mkono aliuchua kutoka chini kupanda juu. Kukanda kulikuwa ni kushindilia kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto yaliyochemshwa pamoja na majani ya mwarobaini. Teguko la leo hakulichua leo. Alimwambia mtu auinue mguu wake, aupumzishe, aupoze kwa kitambaa cha maji baridi, na arudi siku ya tatu. Miaka mingi baadaye nilipofundishwa huduma ya kwanza, niliambiwa karibu maneno yale yale: joto na kusugua katika siku mbili tatu za mwanzo huzidisha uvimbe.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi utotoni lilikuwa kuwaona watu wakirudishwa. Mara kwa mara mgonjwa aliyeletwa kwa taabu aliambiwa, "Huyu si wangu, mpelekeni hospitali." Alirudisha mfupa uliovunjika. Alirudisha kiungo kilichovimba pamoja na homa. Alimrudisha mtu ambaye shavu la mguu wake mmoja limevimba na kuwa la moto bila ya kuanguka wala kujigonga. Hakuniambia sababu ya hilo la mwisho, na sidhani kama aliijua kwa jina lake. Siku hizi tunajua kwamba uvimbe wa namna hiyo waweza kuwa ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kwamba kuuchua kwaweza kuling'oa donge lile likasafiri hadi mapafuni na kuua. Mimi, mtoto mjinga, niliona haya. Nilidhani mganga hodari ni yule asiyemrudisha mtu.

Ujinga huo nilikwenda nao hadi chuo cha ualimu, na nikatoka nao. Mwaka 1981 nilikuwa kijana wa miaka 24, nikifundisha katika shule ya sekondari ya bara, mbali na kwetu. Wakati ule tulikuwa tukihimizana kuuthamini utamaduni wetu, na ilikuwa haki kuhimizana, kwa kuwa ukoloni ulikuwa umetufundisha kuudharau. Juu ya ubao wa darasa langu niliandika "Mwacha mila ni mtumwa", na nikawakataza wanafunzi kufuta.

Jumamosi moja katika mchezo wa mpira, kijana wa kidato cha kwanza alianguka juu ya mkono wake. Kigasha kilipinda mahali pasipo na kiungo, hata mtu asiyekuwa na elimu yoyote angejua kwamba mfupa umevunjika. Hospitali ilikuwa umbali wa kilometa 40. Gari la shule lilikuwapo, petroli haikuwapo, kama ilivyokuwa mara nyingi mwaka ule. Watu wa kijiji jirani walisema yupo fundi wa kuunga mifupa. Laiti ningesema kwamba nilimpeleka kijana yule kwa fundi kwa sababu ya petroli tu! Ukweli ni kwamba nilifurahi. Niliona nimepata nafasi ya kuwaonyesha wanafunzi wangu kwamba ule msemo wa ubaoni haukuwa maneno matupu.

Fundi alikuwa mtu mwema, nami simsemi kwa ubaya. Aliuchua mkono kwa nguvu, kijana akapiga kelele, akaunyoosha, akauzungushia magango ya mianzi, akayafunga kwa kamba, akakaza. Usiku kijana hakulala. Alisema magango yanambana. Tulimjibu kwamba maumivu ndiyo dawa inafanya kazi. Jumapili jioni alisema hausikii tena mkono wake, nasi tukashukuru tukidhani amepata nafuu. Jumatatu alfajiri tulipata lori lililokuwa likienda mjini. Daktari alipozikata kamba, vidole vilikuwa vya baridi na vyeusi-vyeusi. Mkono wenyewe uliokolewa, lakini nyama ya kigasha ilikuwa imekwisha kufa kwa kukosa damu. Miezi iliyofuata vidole vilijikunja kuelekea kiganjani, navyo havikunyooka tena. Kijana alikuwa akitaka kuwa seremala kama baba yake. Hakuwa.

Likizo ilipofika nilivuka mto kwenda kwa bibi nikamsimulia yote. Nilitazamia anikemee kwa kumwamini fundi yule, au anifariji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Mume wangu," alisema, kwa utani wa siku zote wa bibi na mjukuu, ingawa siku ile hapakuwa na utani katika sauti yake, "vidole vyake ulivitazama?"

"Sikuvitazama, bibi."

"Siku mbili?"

"Siku mbili."

Akanyamaza. Baadaye akasema kwamba yeye hakuwahi kufunga mkono wa mtu kwa magango, lakini hata kitambaa cha kifundo cha mguu hakukifunga bila kuviacha vidole wazi, na hakulala kabla ya kwenda kuvitazama.

Nimefikiri juu ya swali lile kwa zaidi ya miaka 40. Sehemu iliyovunjika huendelea kuvimba kwa siku moja au mbili baada ya ajali. Kamba haivimbi. Basi nyama hukosa nafasi, damu huzuiwa, na katika muda wa saa chache tu madhara yake huwa hayarekebishiki. Kwanza huja maumivu makali kupita kiasi, kisha ganzi. Na ganzi hiyo, ambayo sisi tuliishukuru kama nafuu, ndiyo dalili kwamba hatari imezidi. Kwa hiyo kila aliyefungwa kiungo, awe amefungwa kijijini au hospitalini, hana budi kutazamwa vidole vyake mara kwa mara: rangi yake, joto lake, kama vinasikia, na kama vinatikisika. Kimoja kikikosekana, kifungo na kilegezwe mara moja, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Msomaji asije akadhani kwamba kosa hili ni la waganga wetu peke yao. Vidole vilivyojikunja namna ile vina jina katika vitabu vya utabibu, nalo ni la daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann. Mwaka 1881 alieleza jinsi mikono ya wagonjwa ilivyoharibika kwa sababu ya bendeji zilizokazwa mno. Hapakuwa na magango ya mianzi huko. Miaka 100 kamili kabla ya kijana wetu, madaktari wa Ulaya walikuwa wakikosea kama tulivyokosea sisi. Tofauti ni kwamba mmoja wao aliliandika kosa, na walimu wakalifundisha kwa wanafunzi wao. Kosa lililoandikwa huwa elimu. Lisiloandikwa hurudiwa katika kijiji cha pili.

Wala asidhani kwamba nimeukana ukandaji. Kijana yule alipotoka hospitali, mtaalamu wa tiba ya viungo alimfundisha mazoezi ya kila siku. Kwa idhini ya baba yake nilimchukua likizo moja akakae Bweni. Bibi alitaka kwanza kujua daktari amesema nini, na mfupa umeshika au haujashika. Aliposikia kwamba umeshika, alikubali. Kila asubuhi alimchua kovu na kiganja kwa mafuta ya uvuguvugu, akamnyoosha kidole kimoja kimoja kwa subira, akiacha kila paji la uso lilipokunjamana. Vidole havikurudi kama zamani. Lakini maumivu yalipungua, usingizi ukarudi, na kijana akaweza kushika kikombe. Kuandika alijifunza kwa mkono wa kushoto.

Kwa nini mkono wa mtu mwingine hupunguza maumivu? Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walitoa nadharia kwamba katika uti wa mgongo ni kana kwamba pana lango, na kwamba mguso na msuguo husaidia kulifunga lango hilo habari za maumivu zisipite zote hadi kwenye ubongo. Nadharia hiyo imerekebishwa tangu wakati huo, lakini msingi wake umebaki. Ndiyo maana mtoto akijigonga husugua mahali penyewe kabla ya kufundishwa na mtu. Tena joto hulegeza misuli iliyokaza, na mwili uliolegea hukubali kufanya mazoezi. Hayo ndiyo yawezayo kufanywa na ukandaji, nayo si madogo. Mfupa ukandaji hauungi. Mfupa hujiunga wenyewe, ukinyooshwa sawasawa na kutulizwa.

Nchi yetu haikuidharau tiba ya asili. Mwaka 1974 kilianzishwa huko Muhimbili kitengo cha kuitafiti, na mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyoweka baraza la kuwasajili waganga. Majani na mizizi ya wazee wetu yamefika maabara. Lakini ujuzi wa bibi yangu haukuwa katika jani. Ulikuwa katika maswali yake, katika mgongo wa kiganja chake, na zaidi ya yote katika orodha ya wale aliowarudisha. Alifariki mwaka 1986, na hakuna aliyekuwa ameiandika orodha hiyo, hata mimi niliyejua kusoma na kuandika.

Naam, mwacha mila ni mtumwa. Sasa naongeza kwamba hata mwenye kuishika mila bila kuijua ni mtumwa pia, na mwenye kulipa gharama ya utumwa huo mara nyingi si yeye, bali mtoto aliyekabidhiwa kwake. Bibi yangu alikuwa ndani ya mila kuliko mimi niliyeiandika ubaoni, na mila yake ndiyo iliyomfundisha kusema, "Huyu si wangu."

Enyi vijana mnaosoma, kama nyumbani kwenu yupo bibi au babu ambaye watu humletea viungo vyao, ketini naye na daftari. Msimwulize tu huponya nini na kwa mafuta gani. Mwulizeni pia ni nani anaowarudisha, na kwa nini. Nanyi walimu wenzangu, mtoto akianguka uwanjani na mkono ukapinda, tafuteni gari kabla ya kutafuta fundi. Na akishafungwa, na nani awaye, vitazameni vidole vyake kabla hamjalala.