Mume wa Simu

Mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, walimpa jina kabla hawajamwona: mume wa simu. Sikuwalaumu. Mjane mwenye mtoto wa shule na cherehani moja akisema amepata mchumba kwenye intaneti, watu humhurumia kwanza, kisha humcheka. Na sababu walikuwa nayo. Ndugu yangu mmoja alishampata "mhandisi wa meli" aliyemtumia zawadi, na zawadi ikawa kila wiki inakwama uwanja wa ndege kwa ushuru mpya, mpaka akauza kitanda.

Huyu wangu ni fundi friji wa Likoni, Mombasa. Tulijuana mwishoni mwa 2019 kwenye programu ya kutafuta wachumba. Maneno matamu hakuwa nayo. Aliuliza mtoto anasoma darasa la ngapi. Siku moja nikampigia simu ya video ghafla, makusudi, saa za kazi. Akapokea mikono imejaa grisi, bisibisi kaibana kwa meno, na nyuma yake sauti ya mwanamke: "Ni nani huyo?" Moyo ukanidunda. Akageuza simu: mama mtu mzima, yuko jamvini anachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniuliza mimi wa nani, ukoo gani, na kama namjua fulani wa Pongwe. Hapo ndipo nilipoanza kuamini, maana tapeli hana mama wa kukuuliza ukoo.

Mjomba hakuridhika na simu. Alimtafuta mtu wake wa Likoni, akampa jina na mtaa, akamwambia, "Nenda kaulize msikitini." Jibu likarudi: anaswali, hana mke, ana deni la pikipiki. Deni hilo mwenyewe alishaniambia.

Tukapatana waje kuposa baada ya Idi ya 2020. Aprili 8, Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa kwa sababu ya korona. Mei 16, wiki moja tu kabla ya Idi, Kenya ikafunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria. Kutoka Tanga hadi Horohoro si mbali, na ng'ambo yake ni Lungalunga, kwa watu wale wale, Wadigo huku na Wadigo kule. Malori yalipita, madereva wakishapimwa. Sisi hatukuwa mzigo.

Kipindi hicho kilinichosha. Harusi zilipungua, na nguo za kushona nazo. Yeye hoteli alizokuwa akizihudumia zilifungwa, watalii hawapo. Wiki nyingine bando hatuna, tunaandikiana ujumbe mfupi. Hakuniomba hata shilingi, nami sikumwomba. Majirani wakaniuliza, "Posa imekwama bandarini?" Mama akanikataza kujibu.

Mwaka uliofuata, njia zilipofunguka, walikuja: mamake, mshenga na wazee wawili, barua ya posa imefungwa kwenye leso. Mjomba aliisoma mara mbili, kwa sauti, na madirisha aliyafungua mwenyewe. Mama mkwe akanivisha pete.

Nikahi ni Mfungo Mosi, inshaallah, hapa hapa Ngamiani. Nitahamia Likoni na cherehani yangu. Mwanangu atabaki kwa bibi yake mpaka amalize mtihani wa darasa la saba.