Wikiendi ya Kigamboni kwa pesa ya kibubu

Kibubu kilivunjwa Ijumaa usiku, mlango ukiwa umefungwa ili majirani wasisikie. Zilitoka sarafu za shilingi 500, 200 na 100, noti chache zilizokunjwa hadi zikafanana na vidonge, na kifungo kimoja cha shati ambacho mtoto wa mwisho alikitumbukiza akidhani nacho ni hela. Jumla ilikuwa shilingi 58,400. Mama wa watoto hao watatu, fundi cherehani wa Tabata jijini Dar es Salaam, alizihesabu mara mbili, kisha akamtazama mumewe.

"Baba watoto, zinatosha au hazitoshi?"

"Zikitosha tunakwenda, zisipotosha tunakwenda," alijibu mume.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Yeye ni mlinzi wa zamu ya usiku, na kwa mwezi hupata Jumamosi na Jumapili moja tu za kupumzika. Ya kwanza waliyopanga kutoka na watoto ilimezwa na msiba, ya pili na kikao cha harusi, ya tatu mwenzake kazini aliugua. Wakati huohuo binti yao mkubwa, wa darasa la sita, alikuwa amechora bahari kwenye daftari, mawimbi yamesimama wima kama milima. Mwalimu alipomuuliza ameiona wapi bahari ya namna hiyo, akasema kwenye televisheni. Kutoka nyumbani kwao hadi kwenye maji hazizidi kilomita 15.

Watoto wa namna hii ni wengi Dar es Salaam kuliko wazazi wanavyopenda kukiri. Mtoto anazaliwa katika jiji la pwani, anakula samaki kila wiki, anafikisha miaka kumi na moja bila kulowesha unyayo kwenye maji ya chumvi. Si lazima iwe uvivu wa mzazi. Mtu anayeondoka alfajiri na kurudi usiku huona bahari kupitia dirisha la daladala, na neno "mapumziko" likitajwa, kinachomjia kichwani ni hoteli yenye bwawa na bei iliyoandikwa kwa dola.

Kigamboni inafaa hasa kwa sababu safari yenyewe ni sehemu ya starehe. Saa mbili na nusu asubuhi familia hiyo ilikuwa Magogoni, upande wa Feri, harufu ya samaki wanaokaangwa ikiwafuata kutoka sokoni. Nauli ya kivuko kwa mtu mzima kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200, na ni vigumu kutaja kitu kingine ndani ya Dar es Salaam ambacho kwa pesa hiyo kitamfanya mtoto apige kelele za furaha. Geti linafunguliwa, umati unatembea kwa pamoja, baiskeli, mikokoteni ya matenga na magari vinaingia, mlango mzito wa chuma unanyanyuliwa, na watoto wanagundua kwamba barabara waliyosimama juu yake inaelea.

Kuvuka ni dakika chache tu, kwa hiyo mzazi asizipoteze akiangalia simu. Nyuma yanabaki majengo marefu ya Posta na minara ya makanisa ya zamani ya Azania Front na Mtakatifu Yosefu. Ukibahatika, meli kubwa inayoingia bandarini itapita mbele, na kivuko kitasubiri ipite. Mtoto wa pili, mwenye miaka minane, alihesabu makontena mpaka akachanganyikiwa. Ushauri mmoja hapa: wakati wa kuingia na kushuka, mtoto mdogo abebwe, asishikwe mkono tu. Msukumano wa Feri haumtambui mtoto wa miaka minne.

Wasiopenda pantoni wanaweza kupita Daraja la Nyerere, lile la Kurasini lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Magari hulipia, waenda kwa miguu wana njia yao pembeni. Njia nzuri ni kwenda kwa kivuko na kurudi kwa daraja, watoto waone maji yaleyale kutoka chini na kutoka juu.

Ng'ambo, daladala zinaelekea Mjimwema, Kibada, Gezaulole na mbele zaidi hadi Kimbiji. Bajaji zipo, lakini bei ikubaliwe kabla ya kupakia mizigo. Familia ya Tabata ilishuka Mjimwema na kutembea hadi ufukweni, baba na dumu la maji la lita tano, mama na kapu lenye chapati, viazi vya kuchemsha, mayai na kanga tatu.

Hapo ndipo bajeti za wengi hupasuka. Sehemu zenye viti, vivuli na vyoo vizuri aghalabu hutoza kiingilio, au hukutaka ununue chakula chao, na nyingine hazipokei kapu kutoka nyumbani. Hilo si kosa, ni biashara ya mtu. Lakini mzazi aulize getini kabla watoto hawajavua viatu, maana mtoto akishaona maji, mjadala wa bei umekwisha. Wao walipita mbele hadi penye mivinje, wakatandika kanga mchangani kivulini bila kumlipa mtu.

Ilikuwa saa nne, na bahari haikuwepo. Yaani ilikuwepo, lakini mbali kule, mstari mweupe tu, na katikati mchanga mtupu, vidimbwi, majani ya baharini na kaa wadogo wanaokimbia upande. Binti mkubwa alisimama akashangaa. "Mama, wameyapeleka wapi maji?"

Wazazi, nao wazaliwa wa bara, hawakuwa na jibu la maana zaidi ya kwamba yametoka. Watoto wakaona hiyo ndiyo bahati yenyewe. Wakaingia kwenye vidimbwi, wakafukuza kaa, wakaokota simbi, na kidogo kidogo wakasogea hadi kwenye fungu la mchanga lililojitokeza mbele, kubwa kama uwanja wa mpira. Mama aliwaona vizuri kutoka kwenye mvinje. Walikuwa mahali pakavu, wasiwasi wa nini? Akamenya yai.

Saa saba na ushei mzee aliyekuwa akishona nyavu karibu na ngalawa aliinuka, akaja kwa haraka kuliko umri wake.

"Shikamoo, baba," alisema mama.

"Marahaba. Mwanangu, wale kule ni wako? Waite sasa hivi. Na wewe, bwana, wafuate, usisubiri waje."

Baba alitazama na hakuona hatari yoyote. Fungu lilikuwa bado kavu, na watoto walikuwa wanajenga nyumba ya mchanga. Alichokuwa hakioni ni nyuma yao. Kati ya fungu na ufukwe palikuwa na bonde ambalo asubuhi walilivuka likiwa na maji ya kifundo cha mguu. Alipolifikia, maji yalimpiga magotini. Aliporudi na mtoto mdogo mabegani na wale wawili amewashika mikono, yalikuwa mapajani kwake na kifuani kwa yule wa miaka minane, na yalikuwa yakivuta upande mmoja kama mto. Nusu saa baadaye fungu lile halikuonekana tena.

Hakuna aliyepiga kelele na hakuna aliyelia. Mama alibaki ameshika yai lililomenywa nusu.

Mzee hakumsema mtu. Aliwauliza tu kama waliutazama mwezi juzi. Mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari huwa na bamvua: maji hukauka sana kisha hujaa sana. Katika pwani ya Dar es Salaam siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja jioni, tofauti ya kimo ikipita mita tatu. Hayapandi kwa mwendo mmoja. Huanza taratibu, na kasi kubwa huja katikati, kwenye saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa, yaani hasa saa zile familia zinapokuwa zimeshiba na zinasinzia. Nusu mwezi ukifika ni maji mafu: tofauti inakuwa ndogo, na mida inageuka, asubuhi maji yamejaa na alasiri yametoka.

Kwa mzazi anayepanga wikiendi, habari hiyo ina thamani kuliko punguzo la bei ya chumba. Siku ya bamvua, asubuhi ni ya kuokota simbi karibu na ufukwe, na kuoga ni jioni maji yakishafika, pembeni palepale. Siku ya maji mafu, watoto waogee asubuhi. Na siku zote awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama watoto tu, simu yake ikiwa ndani ya kapu, mpaka mwingine ampokee zamu. Fukwe nyingi hazina mwokoaji. Mipira ya tairi inayokodishwa humfurahisha mtoto, lakini upepo ukitoka nchi kavu humpeleka kilindini akiwa bado anacheka. Viatu vya plastiki vivaliwe, kwa ajili ya vile viumbe vyeusi vya miiba vinavyojificha kwenye majani. Na konyeza waliotupwa mchangani wasiguswe, hata kama wamekufa.

Alasiri watoto waliogea mbele ya mivinje, maji yakiwa kiunoni kwa binti mkubwa, baba akisimama upande wa kilindini na suruali imekunjwa. Binti alionja maji kwa ncha ya ulimi, akatema, akaonja tena. Mzee wa nyavu aliwauzia changu wawili kwa shilingi 13,000, na mama muuza chakula wa jirani akawakaangia kwa 2,000. Walikula na chapati zilizobaki, kwa pilipili na ndimu.

Kuhusu kulala, maneno hayahitaji kuwa mengi. Mahema na mabanda ya ufukweni yapo, gesti za mitaani zipo, na bei hupishana sana kati ya siku za kawaida na sikukuu, hivyo apigiwe simu mwenye nyumba mapema na aambiwe idadi ya watoto. Lakini njia ya familia nyingi za Dar es Salaam ni nyingine kabisa. Tangu serikali ipime viwanja maeneo kama Kibada na Gezaulole miaka ya 2000, karibu kila ukoo una mtu aliyejenga Kigamboni, na kila anapokutana na ndugu zake husema "lakini nyinyi hamji kwangu". Basi aendewe. Wao walikwenda kwa shemeji Kibada na sukari kilo mbili na mchele kilo tatu, shilingi 14,000 kwa jumla, wakalala sebuleni kwenye magodoro. Shemeji alifurahi kuliko hoteli yoyote ingefurahi. Alimlaumu dada yake kidogo kwa kukaa miaka miwili bila kuja, kisha wakaongea mpaka usiku wa manane. Baba, aliyezoea kukesha, alisinzia wa kwanza.

Jumapili shemeji aliwapeleka Gezaulole. Jina hilo ni la Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Kijiji kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, miongoni mwa vijiji vya mwanzo vya Ujamaa, watu wa mjini wasio na kazi wakahimizwa kwenda kulima na kuishi pamoja. Kabla ya hapo eneo hilo lilijulikana kama Mbwamaji, mji wa kale wa Waswahili, na mabaki ya makaburi na msikiti wa zamani bado yapo. Hakuna bembea, hakuna muziki. Watoto wa mjini wanaweza kuchoka baada ya nusu saa, na si vibaya kusema ukweli huo. Ila mtoto wa miaka minane aliuliza kama waliozikwa pale nao walikuwa wakivua samaki, na shemeji akamwonyesha visiwa vya Sinda mbele yao, ambavyo sasa ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam. Mashua za kwenda huko hukodishwa, lakini kwa bajeti ya kibubu ziachwe kwa safari nyingine, na zipandwe tu penye maboya ya kuvaa ya kila mtu, watoto wakiwemo.

Majira nayo yana maana. Miezi ya masika barabara za ndani huwa tope. Upepo wa kusi, katikati ya mwaka, huleta hewa nzuri lakini pia mawimbi na majani mengi ufukweni. Disemba hadi Februari, wakati wa kaskazi, maji huwa ya joto na jua ni kali, hivyo kofia si pambo.

Walirudi kwa daraja, kwa daladala, mdogo akiwa amelala mapajani kwa mama na ngumi imefumbata simbi. Nauli zote za siku mbili, kivuko kikiwemo, zilifika 15,600. Madafu na ubuyu 4,500. Ilibaki 9,300.

Saa kumi na moja jioni baba alikuwa amevaa sare yake na kuondoka kwenda zamu. Mama alikung'uta mchanga kwenye kanga nje ya mlango, akakaa kwenye cherehani kumalizia sketi mbili za shule zilizotakiwa Jumatatu asubuhi. Binti mkubwa alimletea taa karibu, akamuuliza mwezi utaandama lini.